UZI: Mtoto akivaa kombati shuleni, anajifunza uraia ama utiifu?

1/ Wadau, kuna hoja moja ambayo haizeeki. Bweni likichomwa, inarudi. Vijana wakijaa barabarani, inarudi. Video ya mwanafunzi akimjibu mwalimu vibaya ikisambaa, kabla ya saa sita mchana kuna mheshimiwa ameshika maikrofoni mahali: hawa wapelekwe NYS, wapigishwe gwaride, wafunzwe nidhamu na uzalendo! Watu wanapiga makofi. Kwa kinyozi, ndani ya matatu, kwenye kundi la WhatsApp la familia, wengi wanakubali.

2/ Leo sipigii mtu debe wala simpingi mtu. Nataka tuangalie historia, manake tukijadili hili jambo huwa tunaanza upya kila mara kama vile hakuna aliyewahi kulijaribu. Lilijaribiwa. Marekani wana mafunzo ya kijeshi ndani ya shule za upili kwa zaidi ya miaka 100. Sisi wenyewe tulikuwa na jambo la karibu na hilo kati ya 1984 na 1990. Majirani zetu Tanzania nao walipitia. Vuta kiti, uzi ni mrefu kidogo.

3/ Tuanze Marekani. Mpango wao unajulikana kwa herufi JROTC. Kwa Kiswahili chetu tuseme ni mafunzo ya maafisa wa akiba, ngazi ya shule za upili. Wanafunzi wanaitwa kadeti. Ulizaliwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya Juni 1916. Hebu angalia huo mwaka. Ulaya ilikuwa inaungua kwa Vita Vikuu vya Kwanza. Marekani haikuwa imeingia bado, iliingia Aprili 1917. Jeshi lake lilikuwa dogo na hofu ilikuwa kwamba vita vikifika hakutakuwa na maafisa wa kutosha. Basi sheria ikasema vyuo vikuu vifunze maafisa wa akiba, na shule za upili ziwaandae vijana mapema.

4/ Kwa hivyo mwanzoni hakuna aliyekuwa akizungumzia tabia za vijana. Ilikuwa ni hesabu ya vita.

5/ Ruka hadi miaka ya 1960. Wizara ya ulinzi ya Marekani yenyewe ilitaka kuuondoa mpango huu wa shule za upili. Hoja yao ilikuwa rahisi: unakula pesa na hauliongezei jeshi nguvu ya moja kwa moja. Wabunge wakakataa. Waliutetea kwa sababu nyingine, kwamba unajenga raia wema na jamii zinaupenda. Sheria ya 1964 haikuufuta, iliupanua. Majeshi mengine nje ya jeshi la nchi kavu yakaruhusiwa kuwa na vikosi vyao shuleni, na kazi ya kufundisha ikaanza kuhamia kwa wanajeshi waliostaafu.

6/ Hapo ndipo uraia unapokuwa jina la mbele. Leo sheria yao inasema lengo ni kupanda kwa mwanafunzi maadili ya uraia, utumishi kwa nchi, kuwajibika na kujiona ametimiza jambo. Na kauli ya kadeti wa jeshi la nchi kavu ni kuwahimiza vijana wawe raia bora zaidi. Wasichana waliruhusiwa rasmi mwaka 1973, mwaka ule ule Marekani ilipoacha kuwalazimisha vijana kuingia jeshini.

7/ Sasa 1992. Mwezi wa Aprili, polisi wa Los Angeles walioshtakiwa kwa kumpiga dereva Mweusi, kipigo kilichonaswa kwa video, waliachiliwa na baraza la mahakama. Mji ukalipuka. Zaidi ya watu 50 walikufa. Baada ya hapo mkuu wa majeshi wa wakati huo, jenerali aliyekuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika na mwenyewe aliyepitia mafunzo ya akiba chuoni, akapendekeza JROTC iongezwe hasa katika mitaa ya miji iliyosahaulika. Kikomo cha idadi ya vikosi kikapandishwa hadi 3,500. Leo mpango uko katika shule zaidi ya 3,000.

8/ Mnaona mtindo? 1916 hofu ilikuwa vita vya ng'ambo. 1992 hofu ilikuwa vijana wa mtaani. Mafunzo haya hupanuka serikali inapoogopa. Sisemi hofu zote ni za uongo. Nasema tu ukisikia wazo hili likirudi, jiulize kwanza: nani anaogopa nini wiki hii?

9/ Tuwe waungwana lakini. Ndani ya darasa la JROTC kuna nini hasa? Kadeti huvaa sare, kwa kawaida siku moja kwa wiki, na sare anapewa bure. Anafunzwa gwaride, huduma ya kwanza, kusoma ramani, historia ya nchi yake na katiba, kusimama mbele ya watu na kuongea, kusimamia wenzake. Kuna shule zenye timu za kulenga shabaha kwa bunduki za hewa. Kisheria hakuna anayefungwa kujiunga na jeshi akimaliza.

10/ Kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna mtu wa kumwambia "umefanya vizuri," hiyo si kitu kidogo. Mkufunzi anajua jina lake. Ana cheo. Ana wadogo anaowaongoza. Mwaka 2006 bodi ya elimu ya San Francisco iliamua kuuondoa mpango polepole, ikisema jeshi halina kazi shuleni. Waliopinga kwa sauti kubwa ni kadeti wenyewe na wazazi wao. Mwaka 2008 suala likapelekwa kwa kura ya maoni isiyo na nguvu ya kisheria, na wapiga kura wa mji huo, unaojulikana kwa kupinga vita, wakaunga mkono mpango ubaki. Mwaka 2009 bodi ikageuza uamuzi wake. Kwa hivyo ukimwona mzazi anatamani mtoto wake apigishwe gwaride, usimcheke. Anatafuta mtu wa kumsaidia kulea.

11/ Lakini sare haiumbi mtu. Tarehe 14 Februari 2018, katika shambulio la risasi kwenye shule moja ya upili huko Florida, watu 17 waliuawa. Watatu walikuwa kadeti. Mmoja wao, kijana wa miaka 15 aliyekuwa amevaa sare yake siku hiyo, alikufa akiwashikilia wenzake mlango watoroke. Aliyefyatua risasi naye aliwahi kuwa kadeti katika shule hiyo hiyo. Gwaride lilikuwa lile lile kwa wote wawili. Mimi kila nikisikia mtu akisema "mvalishe kombati atanyooka," nakumbuka hao vijana wawili.

12/ Tuje kwa swali gumu: ni hiari ama ni lazima? Mwaka 1943, katikati ya Vita Vikuu vya Pili, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mwanafunzi hawezi kulazimishwa kupigia bendera saluti. Fikiria, nchi iko vitani na majaji wanasema uzalendo wa kulazimishwa si uzalendo. Mwaka 1972 mahakama ya rufaa ikamtetea mwanafunzi wa Memphis ambaye dini yake haikumruhusu kushiriki mambo ya vita, lakini shule ilimtaka apitie mafunzo haya ndipo apate cheti chake. Mahakama ikasema hapana, cheti hakiwezi kuwa bei ya dhamiri ya mtu.

13/ Ungedhani hapo mjadala uliisha. Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilifichua kwamba maelfu ya wanafunzi katika miji kama Detroit, Los Angeles na Philadelphia walikuwa wameingizwa kwenye JROTC bila kuomba. Jina lako linawekwa tu kwenye ratiba, na kutoka ni shughuli. Chicago nako mkaguzi wa shule za umma alikuta shule zilizowaandikisha karibu wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza. Na hizi zilikuwa shule za akina nani? Nyingi ni za mitaa ya Weusi na Walatino, mitaa ya watu wa kipato cha chini. Kwenye shule za matajiri, hiari ilibaki hiari.

14/ Mwaka huo huo gazeti hilo lilionyesha kwamba katika miaka mitano, wakufunzi wasiopungua 33 wa JROTC walikuwa wameshtakiwa kwa makosa ya jinai ya kuwadhulumu wanafunzi kingono. Tatizo lilikuwa wapi? Mkufunzi ni mwanajeshi mstaafu. Shule inadhani jeshi linamsimamia. Jeshi linadhani shule inamsimamia. Mtoto yuko katikati, amefunzwa kwamba afande hajibiwi. Bunge lao likaanza kudai usimamizi mkali zaidi. Miaka zaidi ya 100 baada ya mpango kuanza, ndio swali la "nani anamkagua afande" linaulizwa kwa uzito.

15/ Na je, ni njia ya kuandikisha wanajeshi? Jeshi hukataa, na ni kweli hakuna sharti la kujiunga. Lakini kadeti aliyekaa miaka kadhaa akijiunga huanza na cheo na mshahara wa juu kidogo kuliko kuruta wa kawaida. Mlango umeachwa wazi na zulia limetandikwa. Kwa mtoto ambaye baba yake anaweza kulipa karo ya chuo, huo ni mlango mmoja kati ya mingi. Kwa mwingine ndio mlango pekee anaouona. Hiari ya hao wawili haifanani hata kidogo.

16/ Haya, turudi nyumbani. Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, iliundwa 1964, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Nchi ilikuwa na vijana wengi wasio na kazi, wakiwemo waliotoka msituni kupigania uhuru na wale waliozunguka na siasa. Wazo lilikuwa kuwakusanya kutoka kila kona, wale pamoja, wafanye kazi za nchi kama kujenga barabara na mabwawa, wapate ujuzi. Kambi ya Gilgil ikawa jina ambalo kila Mkenya analijua. Wengi waliopita huko walitoka na ufundi: umakanika, useremala, kushona, kuendesha mitambo. Huo ni upande wa NYS ambao hauna ubishi sana. Mtu alitoka na kitu mkononi.

17/ Upande wenye ubishi ni huu. Tarehe 1 Agosti 1982 kukawa na jaribio la mapinduzi lililoongozwa na askari wa jeshi la anga. Baadhi ya wanafunzi wa chuo kikuu waliingia barabarani kushangilia. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Halafu kuanzia 1984, kila aliyechaguliwa kuingia chuo kikuu alitakiwa kwanza apitie mafunzo ya NYS kwa miezi mitatu: kuamka alfajiri, kukimbia, gwaride, kazi za mikono, na mihadhara ya kuipenda nchi. Hukupita huko, huingii chuoni. Hofu tena, mnaona. Safari hii hofu ilikuwa ya mwanafunzi anayeuliza maswali.

18/ Ilifanya kazi? Inategemea ulitaka nini. Waliopita huko hukumbuka mambo mazuri: urafiki na watu wa makabila ambayo hawakuwahi kukutana nayo, mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini kwenye foleni moja wakishika sahani zinazofanana. Hilo ni jambo la maana katika nchi yetu na tusilidharau. Lakini kama lengo lilikuwa kuzima migomo, haikuzimika. Februari 1985 polisi walivamia mkutano wa maombi wa wanafunzi kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi na damu ikamwagika. Novemba 1987 chuo kikalipuka tena baada ya viongozi wa wanafunzi kukamatwa, kikafungwa na chama chao kikapigwa marufuku. Kufikia 1987 wengi wa waliokuwa chuoni walikuwa tayari wamepigishwa gwaride. Waliuliza maswali yale yale. Mwaka 1990 mafunzo yakaondolewa.

19/ Sasa hesabu na mimi. Aliyekuwa kambini kati ya 1984 na 1990 alikuwa na miaka kama 19 au 20. Miaka ya 2000 na 2010 huyo ndiye aliyekuwa ofisini: katibu, mkurugenzi, mhandisi wa kaunti, mhasibu wa wizara. Kizazi kilichofunzwa uzalendo kwa kombati ndicho kilichokabidhiwa funguo za hazina. Je, wizi wa mali ya umma ulikoma? Hata NYS yenyewe ilitikiswa na kashfa kubwa za pesa mwaka 2015 na tena 2018. Sisemi gwaride lilileta ufisadi. Wako wengi waliopita Gilgil na hawajawahi kugusa senti isiyo yao. Nasema miezi mitatu ya kuamka mapema haikuwa chanjo, na anayekuuzia kama chanjo leo anakudanganya.

20/ Tanzania je? Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilianza 1963 kwa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikaamua wasomi wa vyuo watumikie taifa kwa lazima kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakifanya kazi kwa mshahara uliokatwa. Oktoba 1966 wanafunzi wakaandamana Dar es Salaam, na bango moja likasema enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Rais akakasirika, zaidi ya wanafunzi 300 wakarudishwa makwao. Lakini yeye naye akajikata mshahara wake kwa asilimia 20. Unaweza kukubaliana naye ama kukataa, ila angalau hakuwaomba vijana kujinyima huku yeye akiongezewa. Utumishi huo wa lazima ulisimamishwa 1994, ukarudishwa 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita.

21/ Kwa hivyo historia inatuambia nini? Mimi naona hivi. Mafunzo ya namna hii humjenga kijana pale ambapo amechagua kuingia, anaweza kutoka, kuna mtu wa kumsikiliza akidhulumiwa, na anaondoka na kitu anachoweza kutumia. Ukiondoa hiari na usimamizi, kinachobaki ni mazoezi ya kutii. Utii una mahali pake. Moto ukizuka bwenini, unataka watoto wanaofuata amri. Lakini raia ana kazi nyingine pia: kusoma bajeti ya kaunti na kuuliza zahanati iko wapi. Hiyo kazi haifunzwi kwa kusimama wima na kunyamaza.

22/ Kumbuka pia tuko chini ya Katiba ya 2010. Ibara ya 30 inakataza kumlazimisha mtu kufanya kazi. Ibara ya 53 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila aina. Mpango wowote wa lazima leo, hasa kwa walio chini ya miaka 18, utakutana na ibara hizo kortini. Na tayari mtaala mpya una somo la kujifunza kwa kuhudumia jamii katika shule ya upili ya juu. Skauti wako nchini tangu 1910, na mtoto hujiunga akitaka. Si kwamba hatuna mahali pa kuanzia.

23/ Basi mheshimiwa akisimama tena na hoja yake, iwe ni wa upande unaoupenda ama ule usioupenda, muulize haya:
– Nani anaruhusiwa kusema hapana, na akisema hapana anapoteza nini?
– Afande anajibu kwa nani, na mtoto akidhulumiwa anapiga simu wapi?
– Akitoka huko ana cheti gani ama ujuzi gani?
– Pesa zitatoka wapi, na nani atakagua hesabu?
– Na wa kwako, mheshimiwa, ataenda kambi gani?

24/ Hilo la mwisho usilisahau. Shule za Chicago zilitufunza kwamba "lazima" ina tabia ya kuwapata watoto wa watu fulani tu.

25/ Kama wewe ama mzazi wako alipita Gilgil miaka ile ya 1984 hadi 1990, tuandikie hapa chini. Ulifunzwa nini ambacho bado unakitumia, na ni nini ungependa mtoto wako asikutane nacho? Nitasoma yote. Mjadala huu umekuwa wa wenye maikrofoni kwa muda mrefu, na waliokimbia kwenye ile baridi ya alfajiri hatujawasikia vya kutosha.